DALALI WA NYUMBA NA KUVU ILIYOFICHWA

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akajibu kwamba chakula kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamlaumu kwa kutokiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Zingatieni: mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake ni kuweka kikavu juu na kibichi chini.

Dalali wa nyumba yumo katika hukumu hiyo hiyo. Nyumba za pwani ya Ghuba hazikosi unyevu: kuna hewa nzito ya bahari wakati wa joto, viyoyozi vinavyokwenda usiku na mchana mpaka mipira yake ya maji ikaziba, na mabomba yanayovuja ndani ya kuta. Na huko Salala, tangu Juni mpaka Septemba, manyunyu ya kharifu hayakatiki. Basi kuvu huota nyuma ya makabati, katika dari na ndani ya njia za hewa. Mwenye nyumba humwita fundi wa rangi, kwa siku mbili ukuta ukawa mweupe, kisha humwambia dalali: "Sasa lete mteja." Lakini rangi haiondoi kuvu madamu maji yanayoilisha hayajazuiwa. Huisitiri kwa muda tu, mpaka mpangaji ameshalipa na ameshahamia na watoto wake.

Wala isidhaniwe kuwa hili ni jambo la harufu na sura mbaya tu. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki Disemba 2020 naye ana umri wa miaka 2. Hukumu ya uchunguzi wa kifo chake, iliyotolewa Novemba 2022, ilisema kuwa maradhi yake ya pumzi yalitokana na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Baba yake alianza kulalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Hapo hapakuwa na dalali, lakini shauri lilikuwa ni lile lile.

Dalali ni wakili wa mwenye nyumba, na ujira wake ni halali. Ila uwakili haumhalalishii kusema uongo kwa niaba ya mtu. Akiona doa au akisikia harufu, amwambie mteja kabla ya kupokea arubuni, si baada yake. Aseme alichokiona, ni chumba gani, na kilitengenezwa nini. Asijifanye tabibu wala fundi: asiseme "hii haidhuru", wala asiwatishe watu kwa asilolijua, kwani mwenye nyumba naye ana haki ya kutoharibiwa mali yake kwa dhana. Asichokijua aseme hakijui, na ampe mteja nafasi ya kuleta fundi wake akague.

Wapo wanaosema: "Hakuniuliza." Hii si hoja. Wajibu wa kubainisha aibu ya kitu ni wa anayeuza, hata mnunuzi asipotamka neno. Wala maneno ya "chukua kama ulivyoona" hayamtoi mtu katika dhima mbele ya Mola wake, ikiwa anaijua aibu ambayo jicho la mteja halikuweza kuifikia. Wengine hudhani haki hii ni ya Muislamu peke yake, na mteja akiwa Mhindi au Mzungu hulegeza. Ghishi ni haramu kwa wote.

Mwenye nyumba akishikilia kufichwa, dalali aiache nyumba ile, ijapokuwa ujira utakwenda kwa mwengine. Na aliyekwisha kuificha, na wapangaji wamo ndani, toba yake haitimii kwa istighfari peke yake. Awaendee awaambie, wapate kurudisha nyumba au kudai itengenezwe, kabla watoto hawajazidi kulala chini ya dari ile.