Ibada Ikipanda Jukwaani

Miongoni mwa mambo yanayomshughulisha mwenye kutafakari juu ya dini na sanaa, liko hili: ngoma ambayo asili yake ni dua, ikichezwa mbele ya watu waliokata tiketi, je, hubaki dua, ama huwa kiwiliwili kilichotokwa na roho? Suala hili limewakabili wacheza ngoma wa Ufilipino tangu mwaka 1957, Helena Benitez alipounda kikundi cha Bayanihan katika Chuo Kikuu cha Wanawake cha Ufilipino, mjini Manila. Na uzito wake ukazidi mwaka uliofuata, kikundi hicho kilipowastaajabisha watazamaji wa Maonyesho ya Dunia mjini Brussels.

Tuangalie kwanza mji wa Obando, katika jimbo la Bulacan, ambako kila mwaka, tarehe 17, 18 na 19 Mei, Wakatoliki hucheza barabarani wakifuatana na sanamu za watakatifu wao, na kati yao wamo mume na mke waliodumu katika ndoa bila ya kujaaliwa mtoto, ambao kila hatua wanayoipiga juani, jasho likiwatiririka, ni ombi kwa Mola. Apitaye njiani huwaona, lakini hawakumkusudia yeye. Sasa hatua zile zile azicheze kijana aliyezifunza kwa ustadi, chini ya taa, kwa dakika chache, kisha ainame apigiwe makofi: viungo vimetenda lile lile, walakini anayeelekewa amebadilika.

Wanazuoni wetu wametufunza kwamba amali hupimwa kwa nia, na kwa kipimo hicho hatuna budi kukiri kuwa ya jukwaani si ibada. Hata hivyo, wanaokwenda mbali zaidi na kuiita unafiki wanadhulumu, kwa maana mnafiki ni yule adaiye nia asiyokuwa nayo, ilhali mchezaji hadai mbele ya hadhira kwamba anaomba. Anachosema kwa mwili wake ni kwamba wako watu, mahali fulani, waombao hivi. Huo ni ushahidi, na shahidi ana faradhi yake: asizidishe wala asipunguze, na asisahau kuwa habari anayoitoa ina wenyewe.

Faradhi hiyo ni nzito hata katika ngoma isiyokuwa ya ibada. Chukua singkil, ngoma ya Wamaranao, Waislamu wakaao kandokando ya Ziwa Lanao katika kisiwa cha Mindanao, kama ilivyotungwa upya kwa jukwaa la Bayanihan na Lucrecia Reyes-Urtula. Binti wa kifalme hupita katikati ya mianzi iliyopishana, inayogonganishwa kwa kasi izidiyo kupanda, mapepeo mawili mikononi, uso umetulia, wala haitupii macho miguu yake hata mara moja, huku kijakazi akimfuata na mwavuli. Ni uzuri usiokanika. Lakini wako Wamaranao waliolalamika kwamba humo hawajioni sawasawa. Na Bayanihan ilipotangazwa kwa sheria, mwaka 1998, kuwa kikundi cha ngoma cha taifa, ushahidi wake ulipata nguvu ambayo wenye ngoma wenyewe hawanayo, hata mtoto wa Manila akaweza kukua akidhani kuwa ya jukwaani ndiyo asili.

Kwa sababu hiyo namstahi Ramon Obusan, ambaye baada ya kupitia Bayanihan aliunda kikundi chake mwaka 1972, akajilazimisha kwenda vijijini, kukaa na wenyeji na kujifunza kwao, ili kinachopanda jukwaani kikaribiane iwezekanavyo na kinachochezwa uwanjani. Simaanishi kwamba jukwaa lisitunge. Ukumbi una sheria zake, na ngoma ya usiku kucha haiwezi kuchezwa nzima mbele ya watu wenye saa mbili tu. Namaanisha kwamba aliyefupisha aseme amefupisha, aliyetunga aseme ametunga, na wenye ngoma waulizwe kwanza, kisha wakaribishwe ukumbini wahukumu. Na wakisema kuwa jambo fulani ni baina yao na Mola wao, lisionyeshwe abadan, hata kama ndilo lingeshangiliwa kuliko yote, kwani amana ya mtu haiwi halali kwa wingi wa makofi.