"Nimekutolea Mbuzi, Wewe ni Wangu"

Mama mmoja wa Mtito Andei ana malalamiko. Yeye na mumewe wana duka kando ya barabara ya Mombasa, na ndiye anayelifungua alfajiri. Lakini akiuliza pesa zimekwenda wapi, hujibiwa: "Mbuzi wa ntheo nilipeleka kwenu. Wewe ni wangu, na hata Paulo amesema utii." Bwana huyo, nasikia, husoma somo kanisani siku ya Jumapili.

Basi asome mbele kidogo. Katika Waefeso sura ya 5 wake wanaambiwa wawatii waume zao. Katika sura ya 6 watumwa nao wanaambiwa wawatii mabwana zao. Je, bwana wetu atashika na hilo pia? Barua ile iliandikiwa nyumba ambamo mke, watoto na watumwa waliishi chini ya mtu mmoja.

Tukiri bila kuficha: Kanisa la mwanzo halikufuta utumwa. Paulo alimrudisha Onesimo kwa Filemoni, ingawa aliomba apokelewe kama ndugu. Kwa karne nyingi Wakristo walimiliki watu na kujitetea kwa maneno ya Mtume. Askofu Gregori wa Nisa, aliyeuliza katika karne ya 4 ni nani awezaye kumpangia bei aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, alikuwa karibu peke yake.

Lakini katika ndoa jambo kubwa lilitokea. Kwa sheria ya Roma mtumwa hakuwa na ndoa. Aliishi na mwenzake kwa ridhaa ya bwana wake, na watoto wa mjakazi walikuwa mali ya bwana. Papa Kalisti I (217–222), ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, alikubali kuwa ndoa ya kweli muungano wa mwanamke wa ukoo mkubwa na mtumwa. Hipoliti, mpinzani wake, alimshambulia vikali kwa hilo. Serikali ilimwona mwanamume yule kuwa kitu. Kanisa lilimwona kuwa mume. Na ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa maana ndoa hufungwa kwa neno "nimekubali", na kitu hakina neno.

Hapa kwetu utumwa si hadithi ya mbali. Huko Bagamoyo, kuanzia 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwakomboa watumwa, wakawafungisha ndoa na kuwapa makao. Pwani ya Kenya sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1907.

Sasa wewe bwana wa duka, kumbuka siku ya arusi yako. Padre hakumwuliza bibi arusi mbuzi walikuwa wangapi. Alimwuliza kama amekuja kwa hiari yake, bila kulazimishwa, na wewe ukaulizwa vilevile. Mbuzi walikwenda kwa wakwe zako kwa heshima yao. Si risiti ya kununulia mtu.

Jioni ya leo, ukishafunga duka, lete daftari la hesabu mezani mlisome wawili. Mama hakuomba zaidi ya hilo.