Kiu na Udhu: Lipi Hutangulia?

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametujulisha katika Kitabu chake kwamba kila chenye uhai asili yake ni maji. Aya hiyo tuliisoma tungali watoto, tukaihifadhi, na tulipokuwa walimu tukawafasiria wengine. Lakini mimi nakiri kwamba maana yake niliijua vyema mwezi wa Novemba 2022, nikiwa na ufunguo mfukoni mwa kanzu yangu.

Wengi wenu mwaukumbuka ukame ule. Ulianza na vuli ya mwaka 2020. Vuli ikakosa, masika yakakosa, na ilipofika vuli ya 2022 yakawa yametimia majira matano mfululizo bila mvua ya kutosha, katika sehemu nyingi za Kenya, Somalia na Ethiopia. Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuutangaza kuwa janga la taifa tangu Septemba 2021. Sisi wa mjini tuliusikia katika bei ya unga na maziwa. Wa mashambani, kule Ganze, Magarini, Kinango na Tana River, waliuona kwa macho: mahindi yalikauka kabla ya kubeba, masilanga yakabaki tope lililopasuka, na ng'ombe wakaanguka njiani wakitafuta maji.

Wakati huo nilikuwa nikisomesha katika kijiji kimoja cha bara ya Malindi. Msikiti wetu una birika kubwa, iliyojengwa na mtu mwema akaiweka waqfu kwa ajili ya udhu. Mvua zilipokatika, jamaa wa mjini walichanga, tukawa twaletewa lori la maji kila walipoweza. Majirani wakaanza kuja na mitungi yao. Wengi wao hawakuwa Waislamu. Wanawake walitoka alfajiri, wengine na watoto mgongoni, wakasimama nje ya ukuta wakingoja.

Kamati ikakutana, ikaamua birika itiwe kufuli. Ufunguo nikapewa mimi, nami nikaukubali.

Hoja za wenzangu hazikuwa za kupuuzwa. Walisema: maji haya ni waqfu wa udhu, na sharti la mwenye kuweka waqfu huheshimiwa. Tena wakasema: tukifungua, siku mbili birika itakuwa kavu, na lori jingine hatujui litakuja lini, je, watu waswali bila ya udhu? Niliyaona maneno haya ni ya kisheria, moyo wangu ukatulia. Na hii ndiyo hatari ya mtu kujua nusu ya mas-ala: ile nusu humpa usingizi.

Wiki ile ile tulikuwa tukijitayarisha kwa swala ya istiska, yaani kuomba mvua. Usiku nikafungua kitabu nipate kuwasomea watu adabu zake. Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi wameeleza kwamba kabla ya kutoka kwenda kuswali, Imamu awaamrishe watu wafunge siku tatu, watubie, watoe sadaka, na warejeshe haki za watu walizozidhulumu. Kisha watoke kwa unyenyekevu, na nguo zisizo za mapambo, pamoja na wazee na watoto, na hata wanyama watolewe. Niliposoma neno la wanyama, niliwakumbuka mbuzi wa jirani waliokuwa wakilamba ukuta wa birika kwa sababu ulikuwa na unyevu. Nikajiuliza: tutawatoa wanyama uwanjani tumwombe Mola awaonee huruma, ilhali maji yao tumeyafungia sisi?

Basi nikarudi kwenye mlango wa tayammamu, mlango ambao nimeusomesha zaidi ya miaka thalathini. Imeandikwa humo waziwazi kwamba miongoni mwa sababu za kutayammamu ni maji kuhitajiwa kwa kiu. Wala si kiu ya mwenye kuswali peke yake. Ni kiu ya kila mwenye uhai unaohishimiwa na sheria, awe Muislamu au asiyekuwa Muislamu anayeishi nasi kwa amani, na hata mnyama. Akiwepo mwenye kiu, maji hupewa yeye, na mwenye kuswali hupiga mchanga. Hekima yake iko wazi: udhu una badali, kiu haina badali.

Ama sharti la waqfu, ndiyo, huhishimiwa. Lakini dharura ya uhai ina hukumu yake, na sharti la mja haliwi sababu ya kumwacha kiumbe afe karibu na maji. Aliyeijenga ile birika alitaka thawabu. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Ikiwa hii ni kwa mbwa mmoja, itakuwaje kwa mama mwenye mtoto mgongoni?

Huenda mwenye kisima chake mwenyewe akasema: haya ni ya msikiti, mimi nimechimba kwa mashine na kwa pesa zangu. Naye ana haki yake. Maji uliyoyateka ukayatia chomboni mwako ni mali yako, na mwenye mkokoteni hakatazwi kuuza jasho lake. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba maji ya kisimani yaliyozidi haja ya mwenyewe halazimiki kuyatoa kwa shamba la mtu mwingine, bali ni wajibu kuyatoa kwa ajili ya mifugo. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Akaonya pia kwamba mtu aliye na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri ni miongoni mwa wale ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Ukame usiwe msimu wa mavuno kwa mwenye pampu.

Tazameni mwenendo wa waliotutangulia. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakiacha kwa watu wote. Na katika mwaka wa 18 Hijria, mwaka wa Ramada, ulipoingia ukame mkali Bara Arabu, Sayyidna Umar (r.a.) alijizuia na samli na nyama mpaka watu wake wapate. Alitoka kuomba mvua, na papo hapo aliwaandikia magavana wake walete chakula. Dua haikumzuia kuandika barua, na barua haikumzuia kuomba dua.

Asubuhi niliirudisha kamati, nikawasomea niliyoyasoma, nikawaomba radhi kwa kuwa nilinyamaza mara ya kwanza. Tulifungua, lakini kwa utaratibu. Kila nyumba mitungi miwili, baada ya Alasiri jua likipoa. Wajawazito na wazee mbele. Mabaki kwa mifugo. Wenye kuswali wakapimiwa kopo moja, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichotimia lita. Maji yalipokaribia kwisha, tukatayammamu. Mzee mmoja alinung'unika kwamba hajazoea swala ya vumbi. Nikamwambia: hata mimi, lakini aliyeamrisha maji ndiye aliyeamrisha vumbi.

Tuliswali istiska. Mvua haikunyesha siku ile, wala wiki ile. Sitaki msomaji adhani kwamba tulifungua kufuli na mawingu yakafunguka. Mvua ni ya Mola, huileta atakapo. Na mwisho wa mwaka 2023 ilikuja kwa mafuriko. Sisi hatukuulizwa habari ya mawingu. Tuliulizwa habari ya ufunguo.

Wataalamu wa hali ya hewa wanatwambia kwamba joto la dunia linazidi, na joto likizidi ardhi hukauka upesi hata ikipata mvua kidogo. Basi ukame mwingine utakuja, na subira si kukaa tukiungoja. Wazee wetu walijua hayo: ukizuru magofu ya Gedi utaona kisima na birika kando ya msikiti. Tuweke mifereji kwenye mapaa ya misikiti na madrasa zetu, tujenge jabia, tupande miti badala ya kuichoma makaa. Na mwenye kutaka kuweka waqfu wa maji leo, nampa nasaha moja: aandike katika sharti lake maneno mawili, kunywa na udhu, na kunywa akutangulize.

Mwenyezi Mungu atunyeshee mvua yenye manufaa, na atuwafikishe kukitoa kilicho mikononi mwetu kabla ya kuomba kilicho mikononi Mwake. Amin.