Mkate wa Safari



Mwezi wa Novemba umekwisha, nasi tunaingia katika Majilio, mwanzo wa mwaka mpya wa Kanisa. Ni desturi njema kusimama kidogo na kuangalia tulikotoka. Lakini tukiulizana, "Mwezi ulikuwaje?" wengi wetu hujibu, "Salama tu, hakuna jipya." Wengine hutaja yale mazito: ada ya shule, bei ya sukari, mgonjwa nyumbani, msiba.

Mazito yapo kweli. Tarehe 2 tuliwaombea marehemu wote, na majina yaliyosomwa yalikuwa mengi. Wapo kati yetu waliosikia jina la mume au la mtoto likisomwa kwa mara ya kwanza. Basi mtu aweza kuuliza: je, ni haki kuzungumza habari za raha ndogo ndogo mbele ya mtu aliyefiwa? Swali hili si dogo, na yatupasa kulijibu kwa Maandiko.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, twasoma habari za nabii Eliya. Alikuwa akimkimbia malkia Yezebeli. Akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtoe roho. Angalieni Mungu alivyomtendea. Hakumkemea, wala hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na Eliya akakuta karibu na kichwa chake mkate wa moto na maji ya kunywa. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akamwambia ale, maana safari ilikuwa ndefu. Kwa nguvu za chakula kile akaenda siku 40 hata akafika Horebu. Neno la Mungu mlimani alilisikia baadaye, mkate ulitangulia.

Basi, ndugu zetu, raha ndogo si za wenye nafasi peke yao. Ni mkate wa safari, na aliyechoka ndiye anayeuhitaji zaidi.

Tuhesabu basi mkate tulioupata mwezi huu, huku kwetu chini ya milima ya Usambara. Mvua za vuli zilinyesha usiku, tukalala tukisikia sauti yake juu ya bati, na asubuhi udongo ukanukia vizuri. Watoto walitoka na taa kukusanya kumbikumbi, wakarudi na bakuli zimejaa na nguo zimejaa matope. Mahindi yakaota mistari kwa mistari. Maembe ya kwanza yakafika sokoni. Baada ya Ekaristi wazee walikunywa chai ya tangawizi chini ya mwembe, wakachekeana kwa mambo ya ujana wao. Na nyumbani mwa msiba je? Hata huko mkate haukukosa. Akina mama walichota maji, wakapika uji, wakalala mkekani pamoja na mfiwa. Uji ule haukumrudisha marehemu, lakini ulimwezesha mfiwa kuinuka asubuhi.

Mababa zetu katika imani walilijua jambo hili. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kilitolewa Uingereza baada ya watu kupita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ndani yake iliongezwa ile sala ya shukrani kwa mambo yote. Sala hiyo humshukuru Mungu kwa kutuumba, kwa kutulinda, na kwa baraka za maisha haya. Ndipo hufika kwenye lile lililo kuu kuliko yote, yaani ukombozi wetu katika Bwana Yesu Kristo. Haikudharau baraka za kila siku, ijapokuwa watu walikuwa wametoka katika taabu.

Tufanye nini basi? Kwanza, jioni moja juma hili, kabla ya sala, kila mtu nyumbani, tangu babu hata mtoto mdogo, ataje jambo moja jema la mwezi uliopita. Msione haya likiwa dogo. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, mkumbukeni mmoja wa wale waliosikia jina la mpenzi wao likisomwa. Msiende kumwambia kwamba inampasa kushukuru. Mpelekeeni mahindi mabichi, au kuni, au kaeni naye tu mpaka jua lituwe. Malaika alimpelekea Eliya mkate. Nasi tumepewa mikono ya kufanya vivyo hivyo.

Safari ingali ndefu, na Bwana wetu hutulisha njiani, nyumbani kwetu na mezani pake. Mungu awabariki nyote katika Majilio haya. Amina.