Gari Lililokula Chumvi

Fundi bodi wa Gerezani hana maneno mengi: anachomeka bisibisi chini ya mlango wa Datsun 240Z, nayo inazama. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally ya 1973 kwa gari la aina hii. Hili la marehemu baba limekula chumvi nyingi, ya umri na ya bahari. Miaka yote liliegeshwa Kivukoni.

Kaka anasema bati likibadilishwa lote halitakuwa gari la baba tena. Hoja hiyo hainisumbui. Baba mwenyewe alibadilisha vyuma vyake kila mara. Kinachonisumbua ni kwamba fedha za kulifufua ndizo karo ya mdogo wetu. Marehemu anatudai gari, au anatudai huyo mtoto?

Mimi niko upande wa karo. Bodi tuipake oili chafu, tuifunike turubai. Mdogo wetu akihitimu, ataamua mwenyewe.