Mti Wangu, Paa la Jirani

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Mti umepandwa uani kwangu, shina liko uani kwangu, na hati ya kiwanja ina jina la baba yangu. Lakini matawi yake yametanda juu ya paa la jirani. Je, mti huo ni wa nani? Usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha, na jibu langu nusura limwue mtu.

Kwetu ni Mbeya, mtaa wa Isanga. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mlingoti mrefu alioupanda marehemu babu. Jirani yetu, mama mmoja mjane anayeishi kwa kukaanga maandazi, alikuja kwetu mara tatu. "Mwanangu," aliniambia mara ya mwisho, "mwambie baba yako ule mti unaniogopesha. Upepo ukivuma silali."

Nikamjibu kwa heshima zote, "Mama, ule mti ni wa marehemu. Hatuwezi kuugusa."

Nilijiona mtu mwema kweli kweli. Naheshimu wafu, napenda mazingira, nimesoma habari za Wangari Maathai na Tuzo yake ya Nobel ya mwaka 2004. Nani atanilaumu? Basi, upepo wa mvua za kwanza za Novemba ukaja. Tawi moja nene likakatika, likatoboa bati, likatua pale pale anapokaa na karai lake la mafuta. Yeye alikuwa ametoka kununua unga. Zilikuwa dakika kumi tu.

Tulipokimbilia kwake hakututukana. Alisema hivi: "Babu yenu alikuwa akipunguza yale matawi kila kiangazi, kabla ya mvua. Ninyi mmerithi mti. Kazi yake hamkuirithi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi.

Sasa msomaji atasema: kumbe jambo ni rahisi, mti ukitishia watu, ukatwe! La hasha. Twende Iringa kwa shangazi yangu, pale Kihesa. Alikuwa na mparachichi wenye tundu kubwa shinani. Watu wakaanza: eti umeoza, eti utaangukia watoto. Shangazi akaogopa, akamwita kijana mwenye shoka. Mti ulipolala chini, tukachungulia. Wapi! Tundu lilikuwa dogo, na pembeni yake mbao ngumu kama mfupa. Mti ule ungeweza kuishi miaka mingi. Waliokuja kuchukua kuni walikuwa wale wale waliosema umeoza. Nao watoto wa mtaa, ambao tulidai tunawaokoa, walikuja msimu uliofuata kuuliza maparachichi yako wapi.

Kwa hiyo sisi tuliubakiza mti kwa mapenzi, na shangazi akauangusha kwa hofu. Ukiangalia juu juu, utadhani makosa hayo mawili yanapingana. Mimi naona ni kosa moja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuutazama mti wenyewe. Sisi tulimtazama babu. Shangazi aliyatazama maneno ya watu.

Lugha yetu ilikwisha kulijua jambo hili kabla yetu. Mama akitaka kwenda sokoni humwambia mwenzake, "Niangalizie mtoto." Haombi mtoto akodolewe macho, anaomba atunzwe. Kuangalia na kutunza ni kitenzi kimoja. Asiyeangalia, hatunzi, hata kama anapenda sana.

Na mti una mengi ya kutuambia tukiuangalia. Mti ulioinama tangu ujana wake ukajizoesha, huo si tatizo kubwa. Lakini mti ulioanza kuinama juzi, na udongo umeinuka upande mmoja wa shina, huo unaaga. Uyoga unaoota kwenye shina au juu ya mizizi ni dalili ya kuoza. Tundu peke yake si hukumu ya kifo, maana uhai wa mti uko karibu na gome, si katikati. Gonga shina kwa mgongo wa panga usikilize: sauti ya ngoma siyo sauti ya gogo. Na mizizi mingi haiendi chini sana kama tunavyodhani. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, mbali kupita kivuli. Anayechimba msingi wa ukuta kando ya shina anaukata mti miguu, kisha anashangaa ukianguka.

Hata kupunguza kuna adabu yake. Tawi likatwe nje kidogo ya ule uvimbe unaofanana na kola ya shati, pale linapoungana na shina, ili jeraha lizibe. Kuukata mti kichwa chote ni kujidanganya, kwani huchipua vijiti vingi vilivyoshikilia kwa udhaifu, na hatari hurudi baada ya miaka michache. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga paa, na si la kwetu.

Wajibu huu hauishii kwenye paa. Kule Iringa watu hulima vinyungu bondeni wakati wa kiangazi, kwa unyevu uliobaki ardhini. Mwenye shamba la juu akipanda milingoti kando ya chemchemi, mti wake hautamwangukia mtu, lakini utakunywa maji ya bustani ya mwenzake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Sheria yaweza kupima mita. Jirani anapimwa na nani?

Novemba 2020, wakazi wa Nairobi waliupigania mkuyu mkubwa wa Barabara ya Waiyaki uliokuwa uondolewe kupisha barabara ya juu, na serikali ikaamua ubaki. Nilifurahi sana. Lakini kuuokoa mti ni kazi ya siku moja yenye makelele. Kuuangalia ni kazi ya miaka, na hakuna anayekupigia makofi.

Najua utaniambia fundi wa kupanda na kamba anataka fedha, na sisi fedha hatuna. Ni kweli. Hata sisi tulichangishana ukoo mzima, tukalipa bati la mama yule na fundi wa matawi. Lakini kutazama ni bure, na kumsikiliza jirani anayebisha hodi mara tatu ni bure zaidi.

Mlingoti wa babu bado umesimama, mwembamba kuliko zamani. Kila Septemba nauzunguka, nainua macho, nagonga shina. Halafu nabisha hodi upande wa pili, namuuliza mama, "Wewe unauonaje?" Siku hizi nikiulizwa mti ni wa nani, sijibu tena harakaharaka. Nasema kivuli ni chetu sote, lakini kazi ni yangu.