Kiungo Kipya katika Mwili Mkongwe

Binadamu hupenda kitu kipya, na kwa kupenda huko hastahili lawama. Upya una mng'ao, na mng'ao huvuta macho. Wahenga walikwisha kuliona jambo hili waliposema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini iko namna nyingine ya kupenda upya ambayo haitajwi sana, nayo ni kutia kiungo kipya katika kitu cha kale. Afanyaye hivyo hujiona ameepuka makosa mawili: hakutupa cha kale, wala hakukosa kipya. Insha hii yauliza kama mtu huyo ana haki ya kujisifu, na yauliza kwa sababu mwandishi wake alijisifu hivyo, kisha akajuta.

Nina mpwa wangu Rungwe Mpya, katika nyanda za juu za Kasulu, mkoani Kigoma. Ana kibanda cha kupiga chapa barua, kusafisha picha, na kuunganisha filamu za arusi na za kipaimara. Chombo chake ni kompyuta moja ya mezani, yenye kasha jembamba, iliyotumika ofisini miaka mingi kabla ya kumfikia. Mwaka 2024 alinipigia simu. "Shikamoo, mjomba. Kompyuta imezeeka, filamu zinakwama. Fundi amesema ikipata kadi ya grafiki itakuwa kama mpya." Kadi ya grafiki ni kile kiungo ambacho kazi yake ni kukokotoa picha na kuzipeleka kwenye kioo cha kompyuta. Nilifurahi kuombwa jambo lililo ndani ya uwezo wangu, na kwa furaha hiyo sikuuliza swali hata moja. Nilikwenda dukani Dar es Salaam, nikanunua kadi yenye nguvu kuliko zote ambazo mfuko wangu uliziweza, nikaituma kwa basi hadi Kasulu, na kutoka huko ikapakiwa kwenye pikipiki. Mpwa wangu alinishukuru sana, nami nikajihesabu kuwa mjomba mwema.

Miezi mitano baadaye nilikwenda nyumbani. Niliikuta kadi juu ya rafu, imefunikwa kitambaa safi kama sahani ya wageni. Kando yake palikuwa na kisanduku cha kugawia umeme ndani ya kompyuta, kipya, nacho hakijatumika. Nilipomwuliza, alitazama chini, akasema, "Kadi ni nzuri sana, mjomba. Kasoro iko kwenye kompyuta."

Kumbe kadi ilikuwa ndefu kuliko kasha. Kadhalika ilitaka umeme mwingi. Tundu ambamo kadi kama hii huchomekwa hutoa, kwa kanuni yake, wati 75 na si zaidi. Kadi izidiyo hapo hudai waya wake wa pekee kutoka kisanduku cha umeme, na katika kompyuta ile waya huo haukuwamo. Kwa kuona haya kuniambia kuwa zawadi haifai, kijana alikopa fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa, akaagiza kisanduku chenye nguvu zaidi. Nacho kilikataa kuingia, kwa kuwa makasha membamba ya ofisini aghalabu huwa na visanduku vya umbo lao wenyewe. Mkopo ukabaki. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili ili kupunguza deni. Hivyo ndivyo ukarimu wangu ulivyoingia katika nyumba ya dada yangu kwa jina la zawadi na kukaa humo kwa jina la deni.

Maneno ya kijana yalinikosesha usingizi. Je, ni kweli kwamba kasoro ilikuwa kwenye kompyuta? Kompyuta ile ilifanya yote iliyoundwa kuyafanya. Kadi nayo haikuwa na ila. Kasoro ilikuwa katikati, mahali ambapo kimoja kilipaswa kupatana na kingine. Mkulima wa Kasulu alijua jambo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa. Aendapo kutafuta mpini hachagui mti mnene kupita yote. Huchonga huku jembe liko mkononi, akijaribu na kupunguza, hata mti ukubali tundu. Mimi, msomi wa mjini, nilichonga mpini bila ya kuliona jembe.

Wala kosa hili si la watu wadogo peke yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Nachingwea na Urambo. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Nguvu ilikuwapo tele. Lakini udongo wa Kongwa hukauka na kuwa mgumu wakati wa kiangazi, na mvua yake haiaminiki. Na wenyeji walioyajua hayo hawakusikilizwa ipasavyo. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, na pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Fedha zile na kadi yangu havilingani kwa ukubwa, ila vyafanana kwa asili: mtoaji aliipima nguvu ya alichokitoa, hakupima mahali pa kukitia.

Yuko atakayesema kuwa dawa ilikuwa kununua kompyuta mpya. Shauri hili ni jepesi kwa mwenye fedha. Zaidi ya hayo, uzee wa kompyuta aghalabu huamriwa mbali na mwenye kompyuta. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018, ingawa nyingi katika hizo zina afya. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa vema. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Yuko mwingine atakayesema kuwa kijana angeridhika na alichonacho. Huyu naye namkatalia. Kukinai ni fadhila kwa mtu ambaye haja yake imetimia. Kijana mwenye wateja wanaongoja mlangoni, na filamu inayokwama, hana tamaa. Ana haja, na haja yataka jibu.

Basi tulifanya nililopaswa kulifanya kwanza. Tuliketi mbele ya kompyuta siku nzima, tukaitazama ikifanya kazi. Tuliona kwamba muda mwingi haukupotea katika kukokotoa picha. Ulipotea katika kuingoja diski ya kale iliyozunguka polepole, na katika kumbukumbu iliyokuwa ndogo mno kwa filamu. Kadi iliuzwa kwa hasara. Kwa fedha yake alinunua diski isiyozunguka, akaongeza kumbukumbu, na baadaye akatia kadi fupi inayotosheka na umeme wa tundu lake. Deni nililipa mimi. Filamu sasa hazikwami. Mbuzi hawakurudi.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya ukimya wa mpwa wangu. Hakunidanganya kwa ubaya. Alifuata adabu aliyolelewa nayo, kwamba mkono wa mkubwa utoao haukosolewi. Adabu hiyo ni njema, nami sitaki ife. Lakini kama adabu humfunga mpokeaji kinywa, basi humwongezea mtoaji wajibu: yampasa aulize mapema maswali ambayo mwenziwe hatathubutu kuyajibu baadaye. Mkubwa asiyeuliza hukitumia kimya cha mdogo kuwa ushahidi wa wema wake mwenyewe, na ushahidi huo ni wa uongo.

Nilikuwa nikidhani kwamba kutoa ndiko wema wenyewe, na kupima ni kazi ya fundi. Sasa naamini kwamba kupima ni nusu ya kutoa, na ndiyo nusu inayotangulia.